Maji ya Lagwel Saa Moja Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo kama kawaida yake. Nimefika ofisini viatu vimejaa tope la mtaani kwangu Ggaba, nikavivua chini ya meza, nikaita nikiwa na soksi. Redio haioni miguu.

"Lagwel, Lagwel, hapa Kampala."

Olal, mlinda milango wa bwawa, akaitika mara ya kwanza tu. Akanipa kina cha maji, mita kumi na moja na nusu, milango yote ya bwawa imefungwa. Nikarudia neno kwa neno, akasema "sahihi", tukafunga. Ndiyo desturi yetu. Mwenye habari anaitoa, anayepokea anairudia, kisha mwenye habari anasema sahihi. Bila sahihi habari haijafika, hata kama umesikia kila herufi. Majina ya watu hayatajwi hewani. Yeye ni Lagwel, bwawa lenyewe, kule kaskazini bondeni ambako simu haishiki. Mimi ni Kampala, mji mzima. Ni mzigo kwa mwanamke mmoja wa Kimilili, lakini nimeubeba tangu marehemu mume wangu yuko hai na duka lake pale soko la Kikuubo.

Olal sijawahi kumwona. Najua aliwahi kuwa polisi, kwa sababu anaongea kama anayepiga saluti. Najua pia kwamba nyuma yake kila asubuhi huwika jogoo. Mwenye jogoo ana kuku, na mwenye kuku ana mke wa kuwalisha. Hayo ndiyo maisha niliyompa, na yanamfaa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sahihi.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeitwa wote ukumbini tukapewa soda, nikajua kuna jambo. Ofisi hii haitoi soda bure.

Habari yenyewe ni hii. Bwawa la Lagwel lilijengwa zamani kwa ajili ya kuzuia mafuriko na kumwagilia mashamba, na miaka yote maji yake yameshuka bila kuwasha hata taa moja. Sasa serikali imeingia ubia na kampuni binafsi. Bwawa linabaki la serikali, kampuni inaleta mitambo ya kufua umeme, inaiendesha kwa miaka ishirini na mitano, halafu inarudisha kila kitu. Hapo sina ugomvi na mtu. Watoto wa kule wakisoma kwa taa, nani atakasirika?

Kisha akasimama mwakilishi wa kampuni, Mkenya mwenzangu aitwaye Byron, kijana wa suti iliyombana kama soksi. Akaeleza kwamba kina cha maji kitapimwa na mashine na kuja hapa ofisini chenyewe, kila dakika, mchana na usiku. Kwa hiyo redio ya Lagwel itafungwa tarehe 31 Mei, mvua zikiisha. Akaishukuru redio kwa kazi nzuri iliyofanya. Aliishukuru redio! Mimi nilikuwa safu ya tatu na soda yangu.

Mkataba wangu nao unaishia siku hiyohiyo. Hilo waliniambia baadaye, mlangoni, kwa upole sana.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka kumwuliza Olal kama ameambiwa. Nikamwuliza hali ya milango. Imefungwa. Sahihi.

Jumatano, 19 Machi

Munirah, mwenye nyumba wangu, amenigongea magharibi na bakuli la futari, ndizi zilizopikwa na maharagwe. Ni mke wa sajenti, na sajenti wake yuko kambini mbali, harudi ila kwa likizo. Akaniuliza kwa nini hata siku za mapumziko ananisikia nikitoka alfajiri. Nikamwambia kuna mtu lazima nimwite saa moja.

"Bambi," akasema kwa Kiganda chake cha huruma, "kumbe una mtu!"

Nikamwambia ni bwawa. Akacheka mpaka akashika mlango. Mwanamke huyu ni mbea, kesho Ggaba nzima itajua nimeolewa na bwawa. Lakini ndizi zilikuwa tamu, nimekula zote nikiwa nimesimama jikoni. Siku hizi meza siiandai. Kuandaa meza kwa sahani moja kunanikera.

Jumatano, 2 Aprili

Mafundi wa kampuni wamefunga ile mashine Lagwel, na kiskrini chake wamekiweka kwenye chumba cha Olal ili asishuke tena majini. Asubuhi hii akanisomea.

"Kampala, mashine inasema kumi na mbili na robo."

Sijui ni shetani gani aliyenipanda. Nikasema, "Hiyo ni ya mashine. Nipe ya kwako."

Akajibu, "Kampala, ngojea."

Nikangoja. Kwenye ukingo wa maji kuna ubao wenye alama, na ngazi za saruji za kuufikia. Nilimsubiri ashuke, asome, apande. Akarudi anahema. "Kumi na mbili na robo."

Ni ileile. Nikairudia kama vile ni mpya, akasema sahihi, na mimi nikafurahi kama mtoto. Nilijiambia ni kazi, lazima mtu ahakikishe. Si kazi. Namba ya mashine itakuja hapa hata nikifa. Ile ya Olal inakuja kwa sababu nimeita.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo sikumwambia. Alishuka mwenyewe.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kanisa nilipita Kabalagala kutafuta dawa ya mbu. Kwenye mkahawa mmoja nikamwona Byron peke yake mezani, sahani ya ugali mbele yake, simu ameiegemeza kwenye chupa ya soda, anaitazama huku anatafuna. Hata siku ya Bwana hawezi kuacha mambo ya ofisi. Nikapita bila kumsalimia.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Ofisini tulikuwa wawili, mimi na askari wa getini. Maji hayajui sikukuu.

Mita kumi na tatu. Nimerudia, amesema sahihi, nikanyoosha mkono kuzima. Mara nikasikia, "Kampala, huko mvua iko?"

Hilo si swali la kazi. Kituo hakiulizi kituo kingine kama kunanyesha. Nikatazama dirishani ingawa nilikuwa nimelowa tayari.

"Iko," nikamjibu kwa Kiswahili chake.

"Mvua iko Kampala," akarudia. Akangoja.

"Sahihi."

Basi, ni hayo tu. Nimetembea siku nzima kama niliyeletewa zawadi kutoka mbali. Nimempa askari nusu ya keki yangu. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mjane, anababaika kwa sababu mwanamume wa watu kauliza habari za mvua! Mke wake akisikia atanicheka, na atakuwa na haki.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua haikatiki. Milango miwili imefunguliwa. Sauti ya Olal imechoka, na kila akirudi kutoka ngazini anakohoa kwanza. Nilikuwa nimwambie asishuke tena, anisomee ya mashine. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Zimebaki wiki chache. Nilizitaka zote.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Kumi na nne. Sahihi.

Jumanne, 6 Mei

Lagwel haikujibu.

Niliita kwa utaratibu, kisha nikaita ovyo. Hakuna. Si sauti ya mtu, si jogoo, ni ile mikwaruzo ya hewa tu. Nikajiambia betri imeisha, jua halijatoka siku nyingi. Nikajiambia redio imelowa. Saa mbili nikaita tena, saa tatu tena, na wenzangu wakapita ukumbini wakinisalimia kwa Kiganda "Wasuze otya, nyabo" nami nikiwaitikia bila kuwaona.

Nikaenda kwa mkuu wangu. Akageuza kompyuta yake ili nione. Lagwel, mita kumi na nne na kitu, mlango wa pili na wa tatu wazi, kila kitu kimepakwa kijani. Akasema, "Mama Nakhisa, maji yanaonekana."

"Mtu haonekani," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, na nikaelewa anachofikiri. Anafikiri napigania kiti changu. Akasema tangu mashine ifungwe, uangalizi wa pale ni wa kampuni, niwaulize wao kesho wakiwepo. Nimerudi nyumbani nimeketi kitandani na viatu. Mvua inapiga bati. Naogopa.

Jumatano, 7 Mei

Saa moja, kimya tena. Sikungoja saa mbili. Nikapanda ghorofa ya juu kwa Byron, nimejiandaa kwa vita.

Akanivutia kiti. Nikaeleza. Akafungua mkataba wao, akasoma, na uso ukamwanguka. Akasema kampuni ina walinzi Lagwel, ng'ambo ya ukuta wa bwawa, pale mitambo inapojengwa. Simu zao zinashika kwa sababu wamejengewa mnara. Lakini milango na nyumba ya mlinda milango ni upande wa serikali. Watu wake hawaruhusiwi kuvuka mpaka ofisi yangu itoe ruhusa. Na ofisi yangu, kama nilivyomwambia, inasema uangalizi ni wa kampuni.

Hapo nikaongea kwa sauti ambayo sijaitumia tangu mazishi ya mume wangu. Nilimwambia mmegawana maji, mmegawana ukuta, mmegawana milango, nasikia mmegawana mpaka choo. "Sasa niambie, mwanangu. Olal ni wa upande gani?"

Byron akaufunga ule mkataba. "Ngoja, Mama," akasema, na akapiga simu. Aliwaambia walinzi wake wavuke sasa hivi, juu ya ukuta, na lawama ni yake.

Tukangoja. Akaniagizia chai, sikuinywa. Akaanza kuongea, nadhani ili nisisikie saa ya ukutani. Ana binti mdogo Nairobi. Jumapili mchana huwa wanakula pamoja, yeye na ugali wake Kabalagala, mtoto na wali wake kule, simu imeegemezwa kwenye chupa. Nami nilimpita pale bila kumsalimia, nimemhukumu kwa suti.

Simu ikalia. Wamempata. Yuko hai. Alikuwa chini kabisa ya ngazi, karibu na ubao, mguu umevunjika, anatetemeka, kalala pale tangu jana asubuhi na mvua yote juu yake. Mlinzi alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. Alisema mzee amewapa kina cha maji, mita kumi na nne na robo, akakataa kubebwa mpaka warudie.

Byron akacheka pia. Mimi sikuweza. Ile mashine iko chumbani mwake, pakavu, haina ngazi. Aliyemtuma chini ni mimi. Nipe ya kwako, nilisema. Nililia mbele ya mtoto wa watu hadi akafunga mlango ili wasinione.

Alhamisi, 8 Mei

Wanamleta hospitali hapa mjini. Gari ni la kampuni, mafuta ni ya serikali. Kumbe wakitaka ubia wanauweza.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kumwona. Kwa miaka yote nilikuwa nikisikia sauti ya mtu mkubwa, mwenye kifua. Nikapita kitanda hadi kitanda nikimtafuta jitu. Nilimpita mara mbili.

Muuguzi alikuwa akimwelekeza kazee fulani kakavu kenye nywele nyeupe. Dawa mbili asubuhi, moja jioni. "Mbili asubuhi, moja jioni," yule mzee akarudia, kisha akamkodolea macho yule dada, anangoja. Dada akaenda zake. Mzee akabaki anangoja.

"Sahihi," nikasema nikiwa nyuma.

Akageuza kichwa. Nikamwambia mimi ndiye Kampala. Akajaribu kukaa wima, kama bosi kaingia, na binti yake akamzuia. Anaitwa Moreen, ametoka Gulu. Akanipa kiti chake, akashukuru sana, akaniita auntie.

Kisha hapakuwa na la kusema. Wallahi, kama anavyosema Munirah, hapakuwa na neno. Aliuliza maji, nikamwambia yanashuka. Aliuliza milango, nikamwambia. Baada ya hapo alitazama viatu vyangu na mimi nikatazama chupa ya chai. Ni mwanamume nisiyemjua, amelala na fulana ya hospitali, na mimi ni mama asiyemjua, na mkoba mapajani.

Moreen ndiye aliyetuongelea wote. Alisema mama yake alifariki zamani, na baba akakataa kuhamia Gulu. Anaishi pale bwawani peke yake na jogoo mmoja, hata kuku hana. Nikasikia aibu, kwa sababu mke wa Olal nimeishi naye miaka mingi kichwani, nimemwonea hata wivu, na hayupo.

Mwishoni nikajikaza. Nikamwambia ni mimi niliyekutuma chini, unisamehe. Akatikisa kichwa. "Mashine ilikuwa sawa. Ni mimi pia nilitaka kushuka." Kisha akasema, kama anayesahihisha kitu, "Wewe nyuma yako nilisikia watu mingi kila siku. Nilikuwa nafikiri uko na nyumba imejaa."

Ni wafanyakazi wanaopita ukumbini wakisalimiana. Hapo ndipo pangekuwa pa kumwambia ukweli. Nikasema, "Ofisi ni kubwa."

Nilimwachia Moreen namba yangu ya simu. Njia nzima nilijitukana.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda tena na samaki wa kuokwa, nimewachagua mwenyewe mwaloni Ggaba, wavuvi wanapotia nanga. Kitandani kuna kijana wa bodaboda. Wale wa kaskazini wameondoka asubuhi, muuguzi kasema. Yule kijana amekula samaki.

Jumatatu, 26 Mei

Bado naita saa moja. Mkuu wangu anapita mlangoni na haniulizi. Mikwaruzo ya hewa tu.

Jumamosi, 31 Mei

Wamekuja na bisibisi. Byron alikuja pia ingawa si siku ya kazi, akabeba maboksi, akanishukuru kwa jina langu mbele ya watu. Ukutani palipokuwa na redio pamebaki mraba wa rangi ya zamani. Mvua imekatika tangu juzi.

Jumatatu, 2 Juni

Saa moja nilikuwa nimeshavaa. Hakuna pa kwenda. Munirah akaja na chupa ya chai, akaniona nimekaa na mkoba, na safari hii hakucheka. Aliketi. Akasema sajenti hupiga simu mwisho wa mwezi, na mwezi huu hajapiga. Tukanywa chai bila kuongea sana. Nilimwita mbea huyu, kumbe alikuwa akigonga kwangu kwa sababu na kwake kumenyamaza.

Jumanne, 3 Juni

Sikukuu ya Mashahidi, mji wote umekwenda kuhiji Namugongo. Hata mbwa wa jirani hawakubweka. Nilikuwa napiga mswaki uani simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Kampala, Kampala, hapa Lagwel."

Nilitema povu lote kwenye maua ya Munirah. "Lagwel, hapa Kampala. Nakupata vizuri."

Akanipa habari kwa ile sauti kubwa, sauti ya mtu mwenye kifua. Mvua ya usiku Gulu ilikuwa nzuri. Pipa la Moreen limejaa hadi pete ya tatu. Nyuma yake jogoo akawika, kumbe naye walimbeba. Nikarudia yote, mvua, pipa, pete ya tatu. Akasema sahihi.

Hapo ndipo huwa tunafunga. Nilisubiri afunge.

"Kampala," akasema, "leta ya kwako."

Hajawahi kuniomba habari kwa utaratibu. Kampala haina kina, haina ubao, haina milango. Nikatazama uani. Kamba ya nguo ilikuwa na nguo za mtu mmoja. Huyu mtu nilikaa mbele yake hospitali nikashindwa, na sasa simwoni na yeye hanioni, na maneno yamekuja yenyewe.

"Niko peke yangu," nikasema. "Hakuna watu nyuma yangu. Miaka yote hawakuwepo."

Nikasikia pumzi yake, na jogoo, na sauti ya Moreen akiwaita watoto mbali kidogo.

"Kampala iko peke yake," akasema polepole, neno kwa neno. "Hakuna watu nyuma yake. Miaka yote hawakuwepo."

Akangoja.

"Sahihi," nikasema, na simu hakuna aliyeikata.